Nyumba Yetu Ianze na Sakafu



Mwenzetu aliyekata miwa miaka 30 hulala miaka hiyo yote katika nyumba ya mwajiri. Siku ya kustaafu hupewa barua, hupeana mikono na nyapara, kisha huambiwa arudishe ufunguo. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1958, uliotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, unasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kazi apewe muda wa kutosha wa kuhama nyumba. Muda wa kuhama ni jambo jema. Lakini anahamia wapi?

Sisi wa halmashauri ya tawi tumekuwa tukiwatembelea wanachama waliostaafu, wengine Busoga, wengine Kigezi, na wachache waliovuka mpaka kurudi kwao. Tumefurahi kuona kuwa wengi wamejijengea. Lakini tumeona pia jambo lililotusikitisha, na hatutalificha. Mwenzetu mmoja alitukaribisha katika nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati mapya na mlango wa chuma wenye maua ya kuchomelea. Sebuleni alikuwa ametandika vigae vinavyong'aa kama kioo. Tulipoomba kuona vyumba vya kulala, alisita. Huko nyuma wajukuu wanne walikuwa wakilala kwenye mkeka juu ya udongo mtupu, na mmoja wao alikuwa na funza vidoleni. Fedha zilikuwa zimekwishia sebuleni.

Hatumcheki mwenzetu huyo. Mtu aliyekaa miaka mingi katika laini za kambi ana haki ya kutamani kitu kizuri mbele ya wageni. Ila sisi tunaonelea ya kuwa alishauriwa vibaya, na fundi aliyemshauri alikuwa ndiye muuza vigae.

Tuanze na sakafu, maana ndiyo inayogusa afya kuliko vyote. Funza huishi katika vumbi. Mayai yake huanguka chini, viluwiluwi hukua katika udongo mkavu wa chumbani, kisha jike huingia katika ngozi ya mguu. Mwaka 2010 Busoga ilipata balaa la funza ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Watu walishindwa kutembea, na vifo viliripotiwa. Watu walipewa dawa ya kulowekea miguu, na hilo lilikuwa jema, lakini mtoto aliyetibiwa miguu akirudi kulala katika vumbi lile lile, kazi imeanza upya.

Tena si funza tu. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapigia sakafu ya saruji watu maskini waliokaa katika nyumba za udongo. Wataalamu waliofuatilia watoto wa nyumba hizo walitoa matokeo yao mwaka 2009: pale udongo wote wa nyumba ulipofunikwa kwa saruji, minyoo ilipungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Hayo yalifanywa na saruji ya kawaida, isiyo na rangi wala vigae.

Basi hesabu yetu ni hii. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, ukimwaga zege la unene wa sentimita 7 na nusu kwa kipimo cha saruji moja, mchanga tatu na kokoto sita, kisha ukapiga lipu ya juu ya sentimita 2 na nusu kwa kipimo cha moja kwa nne, kitakula kama mifuko mitano ya kilo 50. Nyumba ya vyumba vinne ni mifuko 20. Si lazima kuinunua yote siku moja. Pigeni chumba kimoja kila msimu, na kianze cha watoto. Sebule itangoja; wageni huja na viatu.

Kuna mambo ambayo fundi wa haraka huyaruka. Udongo mweusi wa juu uondolewe wote, uwekwe moramu au mawe, kisha ushindiliwe mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake itandikwe karatasi nzito ya plastiki, pindo likipandana na pindo, ili unyevu wa ardhini usipande. Zege lisiwe na maji mengi kama uji. Na likishamwagwa linyweshwe maji asubuhi na jioni, au lifunikwe magunia mabichi, kwa siku saba. Hapo ndipo wengi hukosea: huhamia siku ya pili kwa sababu kodi ya nyumba ya kupanga imekwisha, na baada ya miezi sita sakafu inatoa vumbi na mashimo. Kisha wanasema saruji ilikuwa mbovu. Saruji haikuwa mbovu, ilikuwa na kiu.

Asiyeweza kununua saruji asikate tamaa. Jirani zetu wa Rwanda wametuonyesha njia nyingine. Shirika la EarthEnable huko hupiga sakafu ya changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi, ikashindiliwa safu kwa safu, kisha ikapakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngumu kama vanishi. Sakafu hiyo hufagiwa na kupigwa deki, na gharama yake iko chini sana kuliko ya saruji. Mama zetu walijua nusu ya kazi hiyo waliposiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Kilichokosekana ni ule ugumu wa juu unaozuia vumbi na maji.

Sasa tuje kwenye joto na baridi. Wanachama wetu wa viwandani kando ya Nile na ziwa wanalalamikia joto. Wale wa chai katika milima wanalalamikia baridi. La ajabu ni kwamba dawa ya wote wawili kwa sehemu kubwa ni moja, nayo ni dari. Bati likipigwa na jua mchana hugeuka tanuri, na usiku hupoteza joto lote. Dari, hata ya mikeka ya mafunjo iliyofungwa kwenye kenchi, hutenga chumba na bati. Angalizo letu ni moto: penye dari ya mafunjo, tadooba na mshumaa visikaribie.

Mwenye kuanza ujenzi ana bahati, maana anaweza kuiweka nyumba vizuri juu ya kiwanja bila kulipa hata senti. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hupiga kuta za mashariki na magharibi. Basi kuta fupi zielekee huko, na kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Bati litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60. Madirisha yatazamane ili upepo ushike njia. Tumeona nyumba nyingi zilizogeuzwa upande mbaya kwa sababu tu mwenyewe alitaka mlango uelekee barabarani. Barabara yenyewe ilihamishwa baadaye.

Ule mwanya kati ya ukuta na bati ndipo hewa moto hutokea, na pia ndipo mbu wa malaria huingia. Wengine huuziba kwa udongo, wakafukuza mbu na kujipikia wenyewe. Wengine huuacha wazi. Njia nzuri ni kuweka wavu. Huko Gambia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, watoto 19 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa damu katika nyumba zisizozibwa, na 12 kati ya 100 katika nyumba zilizowekewa wavu au dari ya wavu. Wavu huo haumwondolei mtu haja ya chandarua, lakini unasaidia usiku wote, hata saa zile ambazo bado mmekaa mkila.

Kuhusu baridi tunataka kusema neno moja kwa ukali. Kabale iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hauna huruma. Watu huko, na wenzetu wa mashamba ya chai waliopata desturi hiyo, huingiza sigiri yenye makaa mekundu chumbani, hufunga mlango na dirisha, na kulala. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na haimwamshi mtu kwa kikohozi kama moshi, humzidishia usingizi. Familia nzima hukutwa asubuhi imekufa, na majirani husema ni uchawi. Si uchawi. Sigiri ni ya jikoni au nje. Kama fedha zipo za kupambana na baridi, zinunue blanketi, dari, na mbao ya kuziba nafasi chini ya mlango. Na ukuta mnene wa udongo au tofali, ukipigwa jua mchana, hurudisha joto hilo pole pole usiku, bila kumdhuru mtu.

Bustani tutaisema kwa ufupi, maana wengi wetu tunalijua jembe kuliko tunavyoijua saruji. Tunachokataa ni ile tabia mpya ya kumwaga zege ua mzima ili uonekane wa kisasa. Ua wa zege hurudisha joto ndani ya nyumba na kumwaga maji ya mvua kwa jirani. Zege liishie kwenye ukanda wa mita moja kuzunguka kuta, ili mvua isichimbe msingi. Palipobaki pawe na kivuli na chakula. Mpapai na migomba ikae mahali maji ya kuogea yanapotiririkia. Mwembe au mparachichi uwe upande wa magharibi, mita nane au kumi kutoka ukutani, usije ukainua sakafu mliyoihangaikia. Mikaratusi ikae mbali kabisa. Hunywa maji na kuinyima mboga. Mwenye kiwanja kidogo apande mchicha na sukuma wiki katika gunia la udongo lililotobolewa ubavuni.

Msisahau maji ya bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa karibu lita 800, hata kama kiasi fulani kitapotea. Mlizamu na pipa hulipa haraka kuliko geti. Pipa lifunikwe, tusije tukafuga wale mbu tuliowazuia kwa wavu.

Fedha zitoke wapi? Kila mwezi mfanyakazi aliyeandikishwa NSSF hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefika umri wa miaka 45 na aliyeweka akiba miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wengi wamezichukua. Wengine wamenunua pikipiki zilizoibwa, wengine wamefanya harusi. Sisi hatumpangii mtu matumizi ya jasho lake, lakini tungemwomba kila anayezichukua ahesabu kwanza mifuko ile 20.

Wako wenzetu wanaotulaumu. Wanasema kuwa tukifundisha watu kujijengea, tunamwondolea mwajiri mzigo wake, na kesho atasema nyumba si kazi yake tena. Hoja hiyo tumeipima. Pendekezo Na. 115 la ILO la mwaka 1961, juu ya nyumba za wafanyakazi, linasema kwamba kwa kawaida si vizuri mwajiri mwenyewe kumpangisha mfanyakazi wake, isipokuwa pale mahali pa kazi palipo mbali na miji au hali nyingine inapolazimu. Sababu yake inaeleweka: anayeshika mshahara wako na pia ufunguo wa mlango wako amekushika mara mbili, na siku ya mgomo utaona. Lakini shamba la miwa liko pale lilipo, na wakataji hawawezi kulala mjini. Kwa hiyo madai yetu ni mawili kwa pamoja. Maadamu watu wanakaa katika laini, kila chumba cha laini kipigwe sakafu na kuwekewa wavu kwa gharama ya mwajiri. Hilo liingie katika mkataba wa pamoja utakaojadiliwa. Na pili, mwajiri awauzie wafanyakazi saruji kwa bei ya jumla anayonunulia yeye, ilipwe kidogo kidogo kutoka mshahara, kwa maandishi yaliyosainiwa, yenye kikomo cha kiasi kinachokatwa. Bila maandishi tusikubali. Tunazijua karatasi za mshahara ambazo makato yake hayana mwisho.

Wakati huo madai yakiendelea, tawi limenunua shindilio mbili za chuma, ndoo za kupimia na turubai. Vitaazimwa bure kwa vikundi vya wanachama watano watakaokubali kupigiana sakafu kwa zamu, Jumapili kwa Jumapili. Anayetaka kuingia katika kikundi amwone mjumbe wa idara yake kabla ya mvua za Machi, na aje na vipimo vya chumba cha watoto.