Kutarajia si Kuamuru

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili hapa Uganda, nina ugomvi na mstari mmoja wa madaftari yetu. Ni ule unaosema: 'expect' ni kutarajia. Tuliunakili sekondari, tukaukariri kwa ajili ya mitihani, na sasa tunaubeba wenyewe darasani tunapokwenda mazoezi ya kufundisha. Mimi nasema ufutwe.

Kutarajia kumetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutumaini, na harufu hiyo haijakitoka kitenzi hiki. Ukisema unatarajia wageni, msikilizaji anajua kwamba ujio wao unautaka, au walau hauuchukii. Kitenzi cha Kiingereza hakina moyo huo. Mwingereza hukitumia kwa harusi na kwa msiba, uso ule ule. Ndiyo maana tafsiri zetu za habari za mafuriko hutisha: "Vifo zaidi vinatarajiwa." Vinatarajiwa na nani? Kwa Kiswahili inahofiwa kwamba vifo vitaongezeka.

Lakini hilo ni dogo. Linaloniudhi zaidi ni amri. Kiingereza kina mazoea ya kuamuru huku kikijifanya kinabashiri. Mfano maarufu ni ishara ya bendera aliyoipandisha Nelson kabla ya mapigano ya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, kwamba Uingereza inatarajia kila mtu atimize wajibu wake. Nelson mwenyewe alikuwa amechagua neno la imani: Uingereza ina imani na watu wake. Ofisa wake wa ishara, Pasco, akamwomba abadilishe, kwa kuwa 'expects' lilikuwemo katika kitabu cha ishara na lile la kwanza lingehitaji kutajwa herufi kwa herufi. Akakubali. Imani ikageuka dai ili kuokoa bendera chache, na mabaharia hawakuhitaji kufafanuliwa kwamba wanaamriwa.

Sasa itie amri ya namna hiyo katika Kiswahili: "Wanafunzi wanatarajiwa kukamilisha malipo ya ada kabla ya Ijumaa." Tangazo kama hilo nimelisoma ubaoni kwa macho yangu. Kwa Kiswahili huo ni utabiri, kama wa mvua. Mwenzetu mmoja, aliyejifunza Kiswahili sokoni kabla ya kukisoma kitabuni, alielewa hivyo hivyo: wakubwa wana matumaini. Jumatatu akazuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, na juu yake akaambiwa hajui lugha. Nani hasa hajui lugha? Wanatakiwa, wanapaswa, sharti, lazima: maneno tunayo, tena ya kutosha. Aliyeandika tangazo alifikiri kwa Kiingereza, akaona haya kusema lazima, lakini mlango hakuona haya kuufunga.

Najua watakachojibu baadhi ya walimu wetu: lugha hukua, na magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi yameshazoea. Kweli, "Rais anatarajiwa kuwasili kesho" sina neno nalo. Safari imepangwa na ujio unangojewa. (Kutegemea nako kuna kesi yake, nakuacha kwa leo.) Ila kutupa hofu, dai na dhana katika chungu kimoja kwa sababu Mwingereza ana chungu kimoja, huko si kukua. Mgeni akifika jioni, Mwingereza hutumia kitenzi kile kile kumwambia kwamba huenda amechoka. Sisi tunasema "bila shaka umechoka", basi. Waganda wana okusuubira, ambalo hubeba tumaini na kungojea pamoja. Mwanafunzi wao akiruhusiwa kutoka hapo moja kwa moja hadi kutarajia, atafika salama kuliko akizungushwa London kwanza.

Kwa hiyo, walimu wetu, msitupe neno peke yake tulitafsiri. Tupeni sentensi, mtuulize kwanza kama msemaji anatamani, anaogopa, anadhani au anadai. Kitenzi kitakuja baadaye. Nao wanaobandika matangazo waandike lazima wanapomaanisha lazima, ili mtu aende kukopa ada mapema, kabla ya Ijumaa.