Treni ya Silverton na Maji ya Animas

Katika jimbo la Colorado, huko Marekani, iko treni ya moshi ambayo watu huipanda kwa ajili ya safari yenyewe. Hutoka Durango hadi Silverton, kilomita 72 kwa muda wa saa tatu na nusu, ikipanda milimani kandokando ya mto Animas. Reli zake zimeachana milimita 914 tu, kwani njia nyembamba hupinda kwa urahisi kwenye magenge na gharama yake ni ndogo.

Haikujengwa kwa ajili ya mandhari. Ilifika Silverton Julai 1882 ili kuteremsha madini ya fedha na dhahabu. Mwaka 1893 bei ya fedha ikaanguka, na mgodi mkubwa wa mwisho ukafungwa 1991. Kufikia hapo watalii ndio waliokuwa wakiulisha mji.

Wako wanaoidharau riziki hiyo, ati mji ulioishi kwa jasho sasa unaishi kwa picha. Sikubaliani nao. Anayechochea moto wa injini na fundi anayefua kipuri kisichouzwa tena popote, hao nao wanatoka jasho.

Linalonisumbua ni jingine. Jiwe lenye salfa likikutana na hewa na maji huzaa asidi, na asidi huyeyusha metali. Mgodi ukiachwa, kazi hiyo huendelea bila mchimbaji. Mgodi wa Gold King, juu ya Silverton, ulikuwa umeachwa tangu miaka ya 1920. Tarehe 5 Agosti 2015, watu wa shirika la serikali la kulinda mazingira walikuwa wakichimbua mlango wake, maji yaliyojaa ndani yakafumka. Lita zipatazo milioni 11, zenye risasi na aseniki, zikaingia mtoni. Animas ukageuka rangi ya chungwa hadi Durango na mbele zaidi, na wakulima wa Wanavajo wakafunga mifereji yao katikati ya msimu wa mazao. Na waliofaidi ile dhahabu? Walikwisha kufa zamani.

Kwa maoni yangu, urithi unaouzwa kwa tiketi usimulie na deni lake. Lau ningekuwa mwenye kuwaeleza abiria habari za njia, wakishuka Silverton ningewapeleka kwanza pale kijito cha Cement Creek kinapoingia Animas, wayatazame mawe yaliyoshika kutu. Kisha waende wakale.