Maneno ya mtoto wa machimboni

Kadi za picha za kumfundishia mtoto maneno hatuna huku Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Mwanangu alifika miaka mitatu akisema maneno machache tu, nusu Kisukuma, nusu Kiswahili. Bibi yake ndiye aliyeanza kumtajia kila anachoshika: ungo, kinu, mchi. Akisema "maji", bibi anaongeza "maji ya moto", naye anarudia mpaka neno linakaa. Ila kwanza mpimisheni mtoto masikio. Mimi nilichelewa, na bado inaniuma. Karasha za kusaga mawe ya dhahabu zinanguruma kutwa, asiyesikia vizuri atayaokota wapi maneno? Na zebaki ya kukamatia dhahabu jamani, msiichomee jikoni! Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walikuja hapa kupima afya za watu kwa ajili ya zebaki hiyo. Mvuke wake hudhuru ubongo wa mtoto unaokua.