Kabla Koltani Haijatoka Embu, Pimeni Maji

Wasee wa Meru na Embu, hebu tuongee ukweli. Tangu Januari 2024, serikali ilipotangaza kwamba koltani imepatikana Embu na kaunti zingine kadhaa, stori ni moja tu: pesa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Kila mtu anapigia hesabu hiyo 10.

Sawa. Lakini nani ameuliza kuhusu maji? Sio ya mto. Yale ya chini.

Huko Mbeere mvua ni ya kubahatisha na kisima ni uhai. Maji hukaa kwenye nyufa za mwamba. Ukichimba shimo refu na kuanza kulipampu, maji ya pembeni yanaelekea huko na kisima cha jirani kinashuka. Tena mwamba uliozikwa miaka yote ukikutana na hewa na mvua, unaweza kuachilia vitu vyake majini. Mawe ya koltani mara nyingi huwa na urani na thori kidogo ndani yake. Hiyo huwezi kuiona wala kuionja.

Halafu mgodi unafungwa. Mashimo yanafukiwa, miti inapandwa, wakubwa wanakuja kupiga picha. Makofi! Lakini mti unakuonyesha udongo wa juu tu. Maji ya chini hutembea polepole, na shida inaweza kufika kisimani kwenu miaka mingi baada ya kampuni kuondoka.

Siku hiyo ukilalamika utaambiwa: "Maji ya huku yamekuwa hivyo siku zote." Na hutakuwa na jibu, juu hakuna aliyepima mapema. Chukua floridi. Iko kiasili kwenye maji ya sehemu nyingi za Kenya, na kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Bila kipimo cha leo, utathibitisha vipi kwamba ilikuwa 1 ikawa 3?

Angalia Kwale. Base Titanium ilianza uzalishaji mwaka 2013 na ikaacha kuchimba Desemba 2024. Ilitumia maji ya bwawa la Mukurumudzi na ya visima virefu, katika eneo lenye mashamba ya miwa na vijiji vinavyotegemea pampu za mkono. Huko angalau watafiti wa vyuo vikuu, wa Kenya na wa Oxford, walipima maji ya chini wakati mgodi ukiendelea. Watu wa Kwale wakibishana leo, wana namba za kuanzia. Sisi tuna nini?

Na kupima si uchawi. Ni visima vichache vya kupimia kuzunguka eneo, tepu inayolia ikigusa maji, na chupa za sampuli za kupeleka maabara, kiangazi na masika.

Najua kuna mtu atasema napinga kazi za vijana. Hapana bana. Mimi pia nataka kazi. Lakini kazi ya mgodi ina mwisho, kiu haina.

Kwa hivyo madai ni matatu. Moja, visima vipimwe sasa, kabla ya leseni ya kuchimba. Mbili, sheria tayari inataka mchimbaji aweke dhamana ya mazingira, basi isirudishwe mpaka maji yapimwe kwa miaka kadhaa baada ya kufunga. Tatu, matokeo yabandikwe kwa chifu na mtandaoni, yasifungiwe kabatini.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu. Andikia NEMA. Andikia Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na wikendi hii ukienda ushago, funga jiwe kwa kamba, pima kina cha kisima cha nyanya yako, uandike tarehe.

Siku moja hiyo namba itakuwa ushahidi.