Saratani na Mtaa wa Mgonjwa

Nchini Marekani, wanawake weusi hawapatwi na saratani ya matiti kuliko weupe. Lakini kiwango chao cha kufa kwa ugonjwa huo kinazidi kwa asilimia 40 hivi. Wapo wadaio kwamba siri yote imo katika damu. Dai hilo halitoshi.

Ushahidi umo Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York. Kati ya wagonjwa 606 waliotibiwa katika hospitali ya mtaa huo tangu 1964 hadi 1986, ni asilimia 39 tu walioishi miaka mitano. Nusu yao walifika ugonjwa umekwisha kukomaa. Daktari Harold Freeman alianzisha uchunguzi wa bei nafuu, na mwaka 1990 akaweka watu wa kuwaongoza wagonjwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Kwa wagonjwa wa 1995 hadi 2000, asilimia hiyo ilifika 70.

Damu ya Harlem haikubadilika. Iliyofunguka ni njia ya kuifikia tiba. Karani amrudishaye mgonjwa kwa kukosa cheti na atambue kwamba naye yumo katika hesabu hiyo.