Mwanafunzi wa uuguzi asiachwe peke yake kando ya mgonjwa mahututi

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, 2019, lori lililosheheni petroli lilipinduka karibu na Msamvu, mjini Morogoro, na watu waliokwenda kuchota mafuta yaliyomwagika wakashikwa na moto. Mwanzoni walihesabiwa takriban 60 waliokufa. Siku na wiki zilizofuata idadi hiyo ikapita 100. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba sehemu kubwa ya ndugu zetu wale hawakufia barabarani. Walifia vitandani, wengi wao katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwendo wa karibu kilometa 200 kutoka mahali walipoungulia.

Mengi yalisemwa wakati ule juu ya umaskini, juu ya uzembe, na juu ya ulinzi wa magari ya mafuta. Yote yalifaa kusemwa. Lakini liko jambo moja lililosemwa kidogo mno, nalo ni kazi ya muuguzi katika saa za kwanza za mgonjwa wa namna ile, na jinsi muuguzi huyo anavyofundishwa. Makala haya hayamlaumu mtu yeyote kwa vifo vya Msamvu. Majeraha ya moto wa petroli huua hata katika hospitali zenye kila kitu. Nia ni kuuliza kama tunawaandaa vijana wetu kwa kazi tunayowakabidhi.

Tuitazame kazi yenyewe. Mtu aliyeungua uso na kifua aweza kufika hospitali akizungumza, akataja jina lake na kijiji chake. Saa chache baadaye koo linavimba na njia ya hewa inaziba. Asiyefundishwa humwona mgonjwa huyo kuwa ana nafuu kuliko yule anayelia. Tena yako maji ya mwili. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60, aliyeungua sehemu 40 kwa mia ya mwili wake, huhitaji kwa kanuni itumikayo sana duniani takriban lita 9.6 za dripu katika saa 24 za kwanza, na nusu yake iingie katika saa 8 za mwanzo. Na saa hizo 8 huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofikishwa wodini. Kama alicheleweshwa njiani saa 3, zimebaki 5, na lita zile zile 4.8 bado zinadaiwa. Hapo hapana budi kupima mkojo wake kila saa: ukipungua chini ya mililita 30 hivi, dripu haitoshi, ukizidi mno, maji yamezidi, nayo yakizidi huweza kuujaza mwili na mapafu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Msichana wa kidato cha tano katika Shule ya Sekondari Kilakala, ile iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College, ataifanya kwa dakika moja na kugeukia swali jingine. Lakini swali la darasani halina mgonjwa anayepiga kelele, halina mfuko wa mkojo uliopinda ukawa haupitishi, wala halina wagonjwa wengine 30 wanaomsubiri muuguzi mmoja aliye zamu ya usiku. Mjini Morogoro vyuo vya afya na hospitali ya rufaa ya mkoa viko jirani, na baadhi ya mabinti wa shule kama hiyo ya Kilakala ndio watakaokuwa wauguzi wetu. Akili wanayo. Wanachohitaji ni kusimama kando ya kitanda pamoja na mtu ajuaye, tena mara nyingi, kabla hawajaachwa wasimame peke yao.

Na hapa ndipo penye kasoro. Utaratibu wa mafunzo, ulivyo kwenye karatasi, ni mzuri: mwanafunzi wa uuguzi husoma miaka 2 kwa cheti au 3 kwa stashahada, na sehemu kubwa ya muda huo imetengwa kwa mazoezi ya wodini. Lakini ni nani anayemfundisha akiwa huko wodini? Mkufunzi wa chuo yuko chuoni na vipindi vyake, mitihani yake na vikao vyake. Muuguzi wa wodi ana wagonjwa wake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kufundisha ni sehemu ya zamu. Basi mwanafunzi huwa wa wote, na aliye wa wote mara nyingi hana mwenyewe. Hutandika vitanda, hupima joto, hupeleka damu maabara, husukuma machela. Mgonjwa akizidiwa huambiwa apishe, maana wakubwa wana kazi. Kwa hiyo saa ambayo angejifunza jambo lenyewe ndiyo saa anayotolewa nje ya pazia.

Kisha liko daftari la mazoezi. Kila mwanafunzi analo, nalo limeorodhesha mambo anayopaswa kuyafanya mbele ya msimamizi, na msimamizi akishaona huweka saini. Kila aliyepita wodini anajua jinsi daftari hilo linavyoweza kujaa siku za mwisho za zamu, kwa kalamu moja na wino mmoja. Anayetia saini si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyechoka, anayemhurumia kijana asikose mtihani. Lakini saini ile humwambia mgonjwa wa kesho kwamba huyu amekwisha kuonwa akimnyonya mgonjwa makohozi, akimpa hewa ya oksijeni, akimsaidia kupumua kwa mfuko wa mkono, hali hajaonwa na mtu.

Walimu wanaosoma ukurasa huu watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mwalimu mwanafunzi akienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wake humfuata mpaka darasani, akaketi nyuma, akaliangalia andalio la somo, akamsikiliza akifundisha, kisha wakazungumza wawili kando. Hata mahali ambapo ukaguzi huo umefanywa harakaharaka, hakuna anayeona ni haki kumpa mtu alama za ufundishaji bila kumwona akifundisha. Iweje basi kwa yule atakayekabidhiwa pumzi ya mtu tutosheke na daftari?

Wengi wakisikia habari za wagonjwa mahututi hufikiri mashine. Ni kweli mashine zinahitajika, na katika miaka ya karibuni nchi imejitahidi. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, idara za dharura, mitambo ya oksijeni na magari ya wagonjwa. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mtambo wa oksijeni haujui ni mgonjwa yupi midomo yake imeanza kubadilika rangi.

Tena wagonjwa mahututi walio wengi hawamo katika vyumba hivyo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukahusu wagonjwa karibu 20,000, na kutangazwa mwaka 2025, ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi. Kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Na kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata huduma za msingi kabisa, kama oksijeni kwa anayeikosa au dripu kwa aliyeishiwa maji. Katika siku 7, mmoja kati ya watano wao alikuwa amekufa. Kwa hiyo mwanafunzi atakayeajiriwa katika kituo cha afya cha milimani Uluguru, ambako hakuna mashine hata moja ya kupumulia, atakutana na mahututi sawasawa na mwenzake aliyeko Muhimbili. Atakutana naye akishushwa kwa machela kwenye njia za utelezi wakati wa masika, na yeye ndiye atakayeamua kama gari la wagonjwa liitwe sasa au asubuhi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mgonjwa naye huwa na mawingu yake: pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni katika damu, na ufahamu. Mtu hafi ghafla mara nyingi kama tunavyosimuliwa. Pumzi zake zilianza kwenda mbio saa kadhaa kabla. Lakini pumzi ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote. Kukihesabu kwahitaji saa yenye mshale wa sekunde na dakika nzima ya utulivu, basi badala yake huandikwa 20. Fungua majalada ya wodi nyingi, si za hapa nchini tu, utakuta watu wazima wote wanapumua mara 20 kwa dakika, mwenye nimonia na anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwanafunzi hujifunza tabia hiyo wiki ya kwanza, naye atadumu nayo mpaka astaafu, isipokuwa awepo mtu wa kumwambia: rudi, ukahesabu.

Kwamba kazi hii ndogo ina thamani, tunao ushahidi wa nyumbani. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Muhimbili wataalamu waliweka utaratibu ambao kila kipimo kikivuka kiwango cha hatari, muuguzi hulazimika kutenda jambo lililokwisha kupangwa, bila kungoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa wagonjwa walioingia shinikizo la damu likiwa limeshuka vibaya, vifo vilipungua kutoka takriban 92 kwa mia hadi 69. Kwa wagonjwa wote kwa jumla vifo havikupungua, na ni vema kulisema hilo pia. Lakini kwa kundi lile lililokuwa karibu zaidi na kaburi, karatasi ya vipimo yenye amri ndani yake ilikuwa na nguvu ambayo watu wengi hawakuitarajia.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi akikaribishwa kwa mahututi ataleta madhara. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila historia yenyewe ya huduma hii yaijibu. Mwaka 1952, mji wa Copenhagen nchini Denmark ulipatwa na mlipuko wa polio. Katika Hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliotibiwa kwa vyombo vya kupumulia vya wakati ule, 27 walikufa. Daktari Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na kupewa hewa kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Mashine hazikuwapo, basi wakaitwa wanafunzi, wa udaktari na wa meno, jumla yao wapata 1,500, wakabinya mifuko ile kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi. Vifo vikashuka hata kufika karibu robo. Chumba cha wagonjwa mahututi kama tukijuavyo leo kilizaliwa katika mikono ya wanafunzi. Lakini wanafunzi wale hawakuachwa peke yao: walionyeshwa, walisimamiwa, na aliyechoka alijua ni nani wa kumwita.

Sasa yafanyike nini? Kwanza na kubwa kuliko yote, kila wodi inayopokea wanafunzi iwe na muuguzi mlezi, ambaye kufundisha kumeandikwa katika majukumu yake, na idadi ya wagonjwa wake ikapunguzwa kulingana na hilo. Watumishi wanaopanga ikama wanajua kuwa jambo lisilo na nafasi katika ikama halina mtu. Isisemwe kwamba watu hawapo. Wapo vijana waliohitimu uuguzi wanaokaa mitaani miaka wakisubiri ajira, huku wodi zikilia upungufu. Na ulezi wa wanafunzi uhesabiwe mtu anapopandishwa cheo. Tukiendelea kuuchukua kama hisani, utafanywa na wenye moyo tu, na hao ndio wanaochoka mapema.

Pili, mkufunzi wa chuo atoke. Siku moja au mbili za juma awe wodini, avae sare, amshike mgonjwa. Mkufunzi aliyekaa miaka 10 bila kumgusa mahututi hufundisha vitabu vyake mwenyewe vya zamani, na wanafunzi hulitambua hilo upesi sana, ingawa kwa adabu hawasemi. Mwendo kutoka chuo hadi wodi, kwa mji kama Morogoro, hauhitaji hata posho ya safari.

Kuhusu vifaa vya kujifunzia, hapana haja ya kungoja midoli ya gharama kubwa. Mfuko wa kupumulia, kipimo cha kidoleni, saa ya sekunde na karatasi ya vipimo yatosha kwa kuanzia, na zoezi la kumwamsha mtu aliyekatika pumzi lifanywe kila mwezi, si mara moja kabla ya mtihani.

Lile daftari nalo lisifutwe, ila lipunguzwe. Badala ya orodha ndefu isiyowezekana, yawekwe mambo machache ambayo kila muuguzi lazima ayajue kabla ya kuhitimu, na mbele ya kila jambo iandikwe tarehe, saa, na wodi lilipofanyika. Ambaye hajaonwa asitiwe saini, hata kama ni siku ya mwisho ya zamu, hata kama ni mtoto wa mwenzetu. Arudishwe wodini wiki nyingine mbili, na chuo kiwe na nafasi ya kumpokea bila kumfukuza. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kuvikagua vyuo kwa jambo hili, na ukaguzi wenyewe ni mwepesi: mkaguzi amchague mwanafunzi yeyote, amwombe ahesabu pumzi za mgonjwa aliye kitanda cha karibu, naye akahesabu kimya kimya upande wa pili.