Kawempe si njia ya kupita tu

KWA wafanyabiashara wengi wanaoshika Barabara ya Bombo kwenda Gulu na mpaka wa Elegu, Kawempe ni foleni, vumbi na madimbwi ya Bwaise. Hata ndugu zetu waliorejea kutoka ughaibuni huniambia kuwa huku hakuna cha kutazama. Anayetaka mji wa kale aende Mji Mkongwe, Zanzibar. Mimi mkazi wa hapa sikubaliani nao.

Ni kweli, hatuna vichochoro vya mawe vya karne nyingi. Historia yetu iko vilimani. Makerere, kilima kilichomo ndani ya Kawempe, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Baadaye ikawasomesha Julius Nyerere, Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki. Jengo lake kuu la mwaka 1941 liliteketea Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024.

Pale Kikaaya ipo nyumba ya ibada ya Wabahai, ya kwanza barani Afrika, iliyofunguliwa mwaka 1961. Ina milango tisa, nayo inapokea watu wa dini zote. Jirani, upande wa Rubaga, yapo Makaburi ya Kasubi walimozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Nyumba yao kuu ya miti, matete na nyasi iliungua Machi 2010; UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Hapo pana somo. Jengo la Makerere liliungua, na nyumba ya nyasi ya Kasubi iliungua. Yote mawili yamesimama tena kwa kuwa yalikuwa na wenyewe waliodai yarudi. Kisichojulikana hakina wa kukidai.

Kwa hiyo mamlaka ya jiji iweke mabango kando ya barabara hii, na yawe kwa Kiswahili pia, lugha ya wasafiri hawa, ambayo Katiba yetu tangu 2005 inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Nanyi mnaosubiri mzigo upakiwe, tengeni nusu siku. Kutoka Bwaise hadi Makerere ni mwendo mfupi wa bodaboda. Nanyi mliorejea, wapandisheni watoto vilima hivi. Asiyeonyeshwa atarithi kiwanja, lakini mji hataurithi.